Saundi kadi ya USB au rekoda ya mkononi? Jibu refu la swali fupi la shemeji

Shemeji yangu wa Kasulu anafundisha kwaya, na juzi kanipigia simu saa nne usiku, hata salamu hakumaliza. "Shemeji, ninunue ile saundi kadi nyekundu ya maprodyuza au ninunue rekoda kama yako?" Nikamuuliza, utarekodia wapi? Akasema popote. Sasa hiyo popote ndo imewamaliza watu hela.

Mi nipo Kigoma mjini, huku Mwanga, nna saundi kadi na nna rekoda na vyote viwili vimeshanitia aibu mbele za watu, kwahiyo nitasema nnavyovijua kwa kuvishika. Na wengine wanaotaka kurekodi kaswida, mahojiano, podikasti au kuimba juu ya biti watachota humu humu.

Nnazolinganisha ni Focusrite Scarlett 2i2 (ile nyekundu) na Behringer UMC202HD upande wa saundi kadi, alafu Zoom H4n Pro upande wa rekoda. Kuna maiki za USB na kuna zile kadi za kulaivia (za kurusha laivu kwenye simu), nazo nitazigusa kidogo tu.

Tuanze kwa kuondoa ubishi wa ubora. Kadi zote mbili zinafika biti 24 na kilohezi 192 (hizi ni namba za ubora wa kurekodi, biti hapa sio ile biti ya kuimbia), rekoda inafika biti 24 na kilohezi 96, na watu wanakesha wanabishana ipi ina sauti safi zaidi wakati wanarekodia kwenye chumba cha bati kisicho na silingibodi, na jogoo wa jirani yupo dirishani. Chumba chako kitaharibu sauti kabla kadi haijapata nafasi ya kuiharibu. We weka biti 24, kilohezi 48, usahau. Hapo dakika moja ya stirio inakula kama MB 17, saa nzima ni kama GB 1, na memori kadi ya GB 32, ambayo ndo mwisho wa hiyo Zoom, inabeba kama masaa 30. Inatosha kwaya nzima na ugomvi wao wa katikati.

Mi nachagua kwa vitu viwili: umeme unatoka wapi, na watu wangapi wanatoa sauti kwa wakati mmoja. Mengine yote yanafuata nyuma.

Saundi kadi haina betri wala memori, na peke yake hairekodi chochote. Inapokea sauti ya maiki, inaikuza, inaigeuza kuwa namba na kuzipeleka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na chakula chake inakula kwenye huo huo waya. USB 2.0 ya kawaida inatoa volti 5 na miliampia 500, basi, na hapo hapo ukiwasha zile volti 48 za maiki ya kondensa (ile maiki nyeti inayotaka umeme wake) nazo zinatoka kwenye chungu hicho hicho. Maana yake kadi inaishi kwa pumzi ya laptopu. Na laptopu zetu tunazijua, zile za mtumba zilizokuja na kontena, betri inaandika asilimia 60 alafu inazima ghafla kama mtu aliyekatiwa simu. Umeme ukikatika katikati ya ubeti wa tatu na betri yako ndo hiyo, umerudi mwanzo. Programu nyingine zinakuokolea kipande kilichokwisha ingia, lakini we jaribu kuwaambia waimbaji 30 waliosimama toka saa nane kwamba tunaomba turudie.

Rekoda inajitegemea. Betri mbili ndogo za AA, memori kadi, maiki mbili kichwani, umemaliza. Nilienda nayo Mwamgongo, kule ng'ambo ya Gombe, kwa boti za Kibirizi, begi dogo tu mgongoni na soksi mbili nimezifunga juu ya rekoda isilowe. Ningebeba laptopu, saundi kadi, maiki mbili, nyaya na stendi ningefika nimelowa kuliko samaki, na nikifika nianze kutafuta mwenye sola. Ila betri nazo zina adabu yake. Zile za bei ya chini za kuwekea tochi na redio zinakata mapema sana kwenye kifaa cha namna hii, chukua alkalaini au za kuchaji, na kwenye menyu uiambie rekoda umeweka aina gani maana bila hivyo kile kialama cha betri kinakudanganya.

Sasa nisiisifie sana kwa sababu aibu yangu kubwa kuliko zote ilitoka kwenye rekoda, na kosa lilikuwa langu. Kuna bibi yupo Ujiji anajua hadithi za ziwa za kale, nikaenda kwake, nikaweka rekoda juu ya kigoda, nikabonyeza kitufe chekundu, taa ikawaka, nikamwambia bibi karibu. Akaiangalia akauliza, "Mjukuu wangu, hicho kidude kimeshiba?" Nikamwambia kimeshiba bibi, anza. Akasimulia dakika 40 bila kunywa maji. Mwishoni nataka kuzima ndo naona taa inakonyeza. Kwenye hii Zoom ukibonyeza mara ya kwanza inakuwa imejiandaa tu, taa inakonyeza ili upime sauti, mpaka ubonyeze mara ya pili ndo taa inatulia na sekunde zinaanza kukimbia kwenye kioo. Nlikuwa nimebonyeza mara moja. Nikamwomba arudie, akacheka mpaka akakohoa, akasema leo nimechoka, njoo kesho na sukari. Kesho yake nikaenda na kilo mbili. Toka siku hiyo siangalii taa, naangalia sekunde.

Kwenye saundi kadi aibu ni za aina nyingine, ni za kompyuta, na hapa ndo watu wengi wanakwama kwahiyo nikae kidogo.

Ukiichomeka tu kwenye Windows unaweza ukaona inafanya kazi ukadhani umemaliza. Hujamaliza. Pakua draiva, yaani programu inayoielewesha kompyuta kadi yako, kwenye tovuti ya wenye kadi yao, iweke kwanza, washa upya kompyuta, ndo uchomeke kadi moja kwa moja kwenye tundu la laptopu na sio kwenye zile habu za kugawia USB. Alafu nenda kwenye setingi za faragha za Windows uangalie kama programu za kompyuta zimeruhusiwa kutumia maiki, maana kuna mtu kahangaika siku mbili anadhani kauziwa kimeo kumbe ni kile kiswichi tu kimezimwa. Wa Mac nyie mna nafuu, inachomekwa inapokelewa.

Baada ya hapo fungua programu ya kurekodia na kwenye setingi zake uichagulie kwamba sauti ichukue kwenye kadi. Hili usiliache. Mi nimesharekodi mazoezi mazima ya vijana, maiki nzuri imesimama mbele yao, kadi inawaka kijani, kumbe programu inachukua ile maiki ya laptopu juu ya kioo, na nimekuja kugundua nyumbani nilipojisikia mwenyewe nakuna kichwa. Kipimo ni hiki: kabla ya yote, gonga laptopu kwa kucha karibu na kioo. Ukiona mistari ya sauti inaruka, unarekodi laptopu. Gonga maiki, ukiona inaruka hapo ndo sawa.

Na kama una maiki moja kwenye tundu la kwanza, rekodi mono, yaani chaneli moja. Ukiacha stirio sauti itakuja sikio la kushoto tu, na kulia kimya, alafu utaanza kulaumu hedifoni.

Kuna hili la sauti kuchelewa, wanaoimba juu ya biti ndo linawatesa. Unaimba, sauti inaingia kwenye kadi, inakwenda kwenye kompyuta, inazunguka inarudi kwenye hedifoni, na ukijisikia umechelewa hata kidogo unaanza kuimba kama mlevi. Hiyo inatokana na bafa, yaani kile kibeseni ambacho kompyuta inajaza sampo (vipande vidogo vidogo vya sauti) kabla ya kuzichota. Bafa ya 128 kwenye kilohezi 48 ni milisekunde kama 2.7, ya 1024 ni zaidi ya 21, na hiyo ni safari ya upande mmoja tu. Bafa ndogo inataka kompyuta yenye nguvu, isipokuwa nayo sauti inaanza kukatika na kutoa vipele vipele. Kwahiyo rekodi na bafa ndogo, ukija kumiksi ipandishe. Au fanya ya uvivu kama mimi, kadi zote hizi mbili zina kitufe cha kukusikilizisha maiki moja kwa moja kabla haijafika kwenye kompyuta, bonyeza hicho, zima ule usikilizaji wa ndani ya programu usije ukajisikia mara mbili, imba.

Draiva ya kuharakisha hii safari inaitwa ASIO, kitu cha Wajerumani wa Steinberg. Scarlett anayo ya kwake, UMC202HD anayo ya kwake. Yule mdogo wake, UMC22, ukitaka ASIO unaishia kuunga unga na ASIO4ALL, draiva ya bure ya kuazima, na ana tundu moja tu la maiki, kwahiyo ukimwona ni rahisi usimkimbilie kichwa kichwa, ongeza kidogo uchukue 202HD. Na Audacity ambayo wote tunaitumia kwa sababu ni ya bure, ile ya kawaida ya Windows kwa miaka mingi imekuwa haina ASIO. Kwa mahojiano haina shida, itumie. Kwa kuimba juu ya biti chukua Reaper, wanakupa siku 60 za kujaribu, au FL Studio kama ndo unayotengenezea biti.

Kati ya Scarlett na Behringer sasa. Zote zinapokea vitu viwili kwa pamoja, maiki, gitaa au kinanda. Scarlett ni nzuri kwa anayeanza kwa sababu ya kile kipete kinachozunguka kitasa cha geini (kile cha kukuza sauti ya maiki), kijani endelea, rangi ya chungwa angalia, nyekundu umeshapasua. Na 2i2 ya toleo la nne, lililotoka 2023, inaweza kujipimia geini yenyewe, we unaimba sekunde chache yenyewe inajipanga. Scarlett Solo, mdogo wake wa toleo hilo hilo, haina hiyo, wauzaji wanachanganya, ulizia kwa jina. Behringer inakupa vitaa viwili tu, kimoja sauti inaingia, kingine umepasua, na kiswichi cha volti 48 kipo nyuma ambako hukioni. Lakini kava lake ni la chuma, bei yake iko chini, na mi mwenyewe ndo ninayo. Nikipewa hela ya Scarlett leo nanunua Behringer alafu chenji inaingia kwenye maiki na stendi. Wapo watakaonibishia, sawa.

Utasema mbona rekoda nayo inaunganishwa na kompyuta? Kweli. H4n Pro ukiichomeka kwa USB inakuuliza unataka iwe memori au saundi kadi, ukichagua saundi kadi na kilohezi 44.1 au 48 inakuwa kadi ya matundu mawili yenye volti 48 zake. Ndo maana wengi wanasema nunua hiyo tu umemaliza yote mawili. Mi sikubaliani sana. Inafanya, nimeshaifanyia, ila kupandisha sauti unabonyeza bonyeza kitufe cha pembeni badala ya kuzungusha kitasa, kioo ni kidogo kama dirisha la choo, na kile kitundu cha USB ni ya zamani ile ndogo, mini, waya wake ukipotea ujiandae kuutafuta mji mzima. Ni kama kulimia panga. Shamba litalimika, mgongo utauma.

Rekoda inapoishinda saundi kadi hata ndani ya nyumba ni kwenye kundi la watu. Zile maiki zake mbili za juu zimekaa kimkasi, unazigeuza nyuzi 90 au 120, ukiiweka kwenye stendi ya kamera hatua tatu mbele ya kwaya, juu kidogo ya vichwa, unapata sauti zote nne zimekaa mahali pake, besi upande wake na soprano upande wake. Kufanya hivyo hivyo kwa kadi unahitaji maiki mbili za kondensa zinazolingana, stendi mbili, nyaya mbili, na mtoto wa kukimbiza mbuzi wasipite juu ya nyaya. Na ina hali ya chaneli nne, maiki zake mbili zinarekodi pamoja na maiki mbili za kuchomeka chini, kwahiyo kiongozi wa kwaya unampa maiki yake. Nje kwenye upepo usiende bila sponji yake, upepo wa ziwa ukigonga zile maiki unasikia kama lori linamwaga mawe.

Rekoda inapopigwa ni pale unapojenga wimbo kipande kwa kipande. Kinanda leo, sauti ya kwanza kesho, sauti ya pili Jumapili baada ya misa, kila mtu anasikiliza wenzake kwenye hedifoni. Hiyo ni kazi ya saundi kadi na laptopu, usijitese.

Maiki za USB: kwa mtu mmoja anayeongea peke yake zinatosha, na kama unachukua, chukua kama Samson Q2U ambayo ina USB na ina tundu la waya wa kawaida wa maiki, ukikua unaihamishia kwenye saundi kadi bila kununua nyingine. Zile kadi za kulaivia zenye vitufe vya vicheko na makofi, mi nilinunua moja Kariakoo kwenye duka fulani, kicheko kilikuwa kisafi kuliko sauti yangu. Kwa kulaivu kwenye simu ni sawa. Kwa kurekodi, hapana.

Maiki yenyewe nayo. Kwa nyumba zetu anza na dainamiki, kitu kama Shure SM58 ambayo ipo toka 1966 na haihitaji volti 48 zozote, unaisogelea mdomoni na yenyewe haina habari na jogoo wala bodaboda. Kopi zake zimejaa, nunua kwa anayekubali uijaribu. Kondensa inasikia kila kitu, mvua ikianza kwenye bati ndo unaelewa neno kila kitu.

Na mkisikia mvumo, ile nzzzz ya chini isiyoisha, msikimbilie kwa fundi. Umeme wetu ni hezi 50 na mvumo wake ndo huo. Chomoa chaji ya laptopu, rekodi kwa betri. Ukipotea, chaji ndo mwenye kosa. Kama lazima uchaji, chomeka kila kitu, laptopu, kinanda, spika, kwenye ekstensheni moja ya pini tatu, na muache ile tabia ya kufungua soketi kwa peni mchomeke plagi ya pini mbili. Geini nayo isipandishwe kwa hasira, sauti kubwa kabisa ya mwimbaji iishie kwenye desibeli -12 mpaka -6 hivi kwenye ile mistari ya sauti, kwa biti 24 kuna nafasi ya kutosha chini, ila ikipasuka juu haishoneki.

Basi nikamrudia shemeji, nikamuuliza tena, utarekodia wapi? Safari hii akajibu kama mtu: chumba cha nyuma cha kanisa, umeme upo, jenereta ipo, kinanda wanacho, anataka albamu ya nyimbo nane na sauti anazirekodi moja moja jioni. Nikamwambia hapo hakuna mjadala, saundi kadi. Siku ya kurekodi kwaya nzima nje kwa ajili ya video atakuja kuazima rekoda yangu, na betri atanunua yeye.

Kachukua UMC202HD. Mzigo umefika jana na basi, kapiga simu amepanda juu, boksi lilikuwa limefunguliwa njiani na waya wa USB haumo. Nikamuuliza, ofisi ya kanisa ina printa? Akasema ipo. Nikamwambia nenda kachomoe waya wake nyuma, ule wenye kichwa cha mraba, ni ule ule.

"Na katibu akitaka kuprinti matangazo?"

Aprinti kabla ya saa kumi.